Nijenge vyumba vya kupangisha, au nichapishe mashairi yangu?

Asalaam aleikum dada yangu,

Mimi ni mjane wa miaka 61, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 34, nikastaafu mwaka jana. Nakuandikia kwa sababu nyumbani pameingia mvutano, umefika mahali watoto wangu wa tumbo moja hawapigiani simu, na chanzo chake ni sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu.

Zamu ya usiku wodini ina saa zake. Kati ya saa nane na saa kumi, kama hakuna mwenye uchungu, pananyamaza hata unasikia saa ya ukutani. Saa hizo ndizo nilizotungia. Naandika nyuma ya kadi zilizoharibika, naandika kwenye maboksi ya glavu, asubuhi nikifika nyumbani nanakili kwenye kauntabuku kabla sijalala. Hivi leo mashairi ni 210, na nyimbo za taarabu ni 60 na ushei.

Miaka ya 1990 kikundi kimoja cha hapa mjini kilikuwa kikizichukua. Anakuja kijana wao jioni, nampa karatasi, kisha siku ya harusi kubwa naletewa doti ya kanga na pesa ya kitoweo. Wimbo ukipendwa, anayetuzwa ni mwimbaji. Sikuona vibaya, ndiyo desturi tuliyoikuta, mtunzi mbali na mwimbaji mbali. Kutoka kwao nina kaseti 27, nyingine za mazoezi, nyingine za harusini. Ramadhani iliyopita nilitoa mbili nizisikilize, nikakuta ukungu mweupe umetanda kwenye utepe. Nilizirudisha mkono unatetemeka.

Sasa penye mzozo. Katika mafao yangu zimebaki shilingi milioni 11. Nilikwenda kwa mchapaji mmoja, akanitajia milioni 4 na laki 2 kwa nakala 500 za kitabu, akanipa na karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja. Ina sentensi inayosema haki zote za kazi hii zitakuwa zake. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni fundi umeme, aliposikia bei alikasirika. Yeye anataka fedha yote iingie kwenye kiwanja changu cha Kange, tusimamishe vyumba vitatu vya kupangisha. Aliniambia, "Mama, wajukuu watakula kodi, hawatakula vina." Si mtoto mbaya, nakuomba usimfikirie hivyo. Ndiye anayenilipia umeme na maji tangu baba yao afariki.

Binti yangu aliyeko Dar es Salaam naye hakitaki kitabu, kwa sababu nyingine. Nyimbo zangu nyingi ni mafumbo, na mafumbo yana wenyewe. Kuna moja niliyomtungia jirani mwaka 1996, mtaa mzima ulijua ni nani. Jirani huyo yu hai, na sasa binti yake ameolewa na mwanangu wa pili. Kaka yangu yeye anasema nizichome zote kabla sijaenda Hija.

Mimi sina shamba la minazi wala nyumba ya ghorofa. Nilichokikusanya ni haya maneno. Mjukuu wangu wa miaka 12, anayeishi nami, ndiye pekee anayefungua madaftari na kuniuliza, "Bibi, hili neno ndiyo nini?" Nataka watakaozaliwa baada yake wajue kuwa palikuwa na mwanamke huyu. Nifanye nini, na nianzie wapi?

Mama Mkunga, Ngamiani

Tena: mjukuu ananing'ang'ania nikuandikie na hili, ingawa ni jambo dogo. Mwezi uliopita kwenye daladala ya Pongwe nilimkuta binti mwenye mtoto mgongoni anaimba wimbo wangu wa kliniki, ule wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Hanijui, anasema alifundishwa na mama yake. Mimi niliutunga hivi:

Maji lita uchemshe, yapoe uyakadiri,
Nusu kijiko utie, chumvi usikithiri,
Vijiko sita upime, vya chai vyote sukari,
Mwana kidogo mnyweshe, usiku hata fajiri.

Yeye mstari wa pili aliuanza "Sita vijiko utie". Nikamsahihisha palepale. Nyimbo za kliniki sikuwahi kuzinakili kwenye daftari, zilikuwa za kazi tu.

*

Waaleikum salaam, Mama Mkunga,

Mshukuru mjukuu wako kwa niaba yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama kwenye ile daladala ya Pongwe. Umeuliza utaachaje kitu, na kumbe kitu chenyewe kilishatoka nyumbani kwako siku nyingi. Kilipita kwa mama mmoja usiyemkumbuka, aliyekaa kwenye benchi la kliniki na mwanawe mapajani. Kikaingia kwa bintiye. Siku ile kilikuwa kinaelekea kwa mtoto wa mgongoni. Hakuna aliyelipia nakala hata moja.

Lakini tazama kilichokipata njiani. Nimehesabu mizani kwa vidole. "Nusu kijiko utie" ni nane, "Sita vijiko utie" ni nane vilevile, na kina ni kilekile. Sikio la yule binti halikuwa na sababu ya kushtuka. Sukari imeshika mahali pake mwisho wa mstari wa tatu kwa sababu kina cha "ri" kinailinda, ukiiondoa pale kila mtu atasikia pamechechemea. Ile "nusu" haikuwa na mlinzi, ikaondoka. Vijiko sita vya chumvi katika lita moja, kwa mtoto anayeharisha: wewe wajua kuliko mimi mwisho wake. Siku ile ulikuwepo ukasahihisha. Kuna daladala ngapi usizopanda?

Kwa hiyo nakupinga kwa heshima zote unaposema zilikuwa za kazi tu. Hizo ndizo nataka uanze nazo, kabla ya mashairi 210, kabla ya taarabu. Nunua kauntabuku mpya, ukurasa wa kwanza uandike wimbo huu kama ulivyoutunga. Chini yake andika mwaka, kliniki ipi, kwa nini uliutunga, ulikuwa unaimbwa kwa lahani ya wimbo gani. Kisha fanya kazi ambayo hakuna mwingine duniani mwenye haki ya kuifanya: utengeneze upya ule mstari wa pili, hiyo nusu ikae mahali inapofungwa na kina, isichezeke tena. Ongeza na ubeti mmoja wa siku hizi, maana leo zahanati hutoa pakiti za ORS, zile za chumvi na sukari zilizokwisha kupimwa, na vidonge vya zinki, na mama aambiwe lini aache kupika dawa nyumbani akimbilie kituoni. Ukishaumaliza, uupeleke kliniki iliyo karibu nawe ukawafundishe wauguzi waliokurithi.

Zilizobaki sidhani utazikumbuka peke yako. Wewe na wenzako mliziimba pamoja, na kumbukumbu yake imegawanyika vichwani mwenu. Waite wastaafu wenzako wawili watatu, wapikie chai na mahamri, mwanzishe ule wa kunyonyesha, ule wa chanjo. Mmoja akikwama, mwingine atamalizia. Simu iwe inarekodi tangu wanapovua viatu mlangoni, usingoje mpaka waanze kuimba, kwa sababu yale mazungumzo ya kati, "si ulikuwa unaanza hivi?" na "hapana, huo ulikuwa wa yule bibi wa Muheza", yana thamani sawa na nyimbo zenyewe.

Nasema hivi nikiwa na kidonda changu. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na wimbo wa kutwangia. Ninao mstari mmoja na nusu. Nimewauliza mama zangu wote wakubwa na wadogo, kila mmoja ana mstari uleule mmoja na nusu. Tulikuwa tunamsikiliza kwa miaka mingi na hatukumwuliza hata siku moja.

Tuje kwenye kaseti, na hapa usingoje mwisho wa mwezi. Karatasi yaweza kuvumilia miaka kumi mingine ukiiondoa kwenye bati linaloshika kutu na kuiweka juu, penye hewa, mbali na mchwa. Utepe hauvumilii hivyo. Unyevu wa pwani yetu ndio unaolisha ule ukungu. Zile mbili zitenge kabisa na zile 25, usizichezeshe kwenye mashine utakayotumia kwa nyingine, maana zinaambukiza. Zikaushe kivulini penye upepo, na uzikabidhi kwa mtu aliyekwisha kusafisha utepe, asiyejifunzia kwako. Zile nzima zizungushwe mbele na nyuma mara moja, polepole, kabla hazijachezeshwa.

Na mtu wa kufanya kazi hii unaye, naye ni yuleyule aliyekukasirikia. Fundi umeme hashindwi kufufua redio kaseti ya zamani, kusafisha kichwa chake, na kuunga waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta. Mwambie ahifadhi sauti kwa muundo usiobanwa, ule wa WAV. Kila dakika huchukua kama megabaiti 10. Kaseti zako 27, hata zote zikiwa za saa nzima, hazitafika gigabaiti 20, zinaenea kwenye flashi ndogo ya gigabaiti 32. Lakini flashi isiwe ndiyo mahali pekee. Pawe na nakala tatu: moja kwako, moja kwenye diski ya nje, moja kwa binti yako Dar es Salaam, ili moto au mwizi wa nyumba moja asimalize kila kitu. Na kila faili lipewe jina linaloeleweka, mwaka na harusi ya nani, siyo "rekodi 014".

Usimwombe kama msaada wa kukufurahisha wewe. Mwambie katika kaseti hizo huenda imo sauti ya baba yake akitoa hotuba ya harusi au akicheka nyuma ya ngoma. Sijui kama imo, wewe ndiye ujuaye. Ikiwamo, mwache aisikie peke yake kwanza.

Sasa mafumbo. Binti yako ana haja ya kuogopa, na nisingependa umpuuze. Lakini pana jambo kuhusu fumbo ambalo wewe mtunzi walijua kuliko sisi: likishapoteza mwenyewe, linakuwa maneno mazuri tu. Taarabu ya hapa Tanga, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyoutangaza mji huu miaka ya 1960, ilivuta watu kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unajua anayeambiwa ni nani, na anayeambiwa alikuwa amekaa mstari wa tatu. Mjukuu wako akiusoma ule wimbo wa 1996 bila kisa chake atakuta ua, nyuki na chungu kilichovunjika. Atasema bibi alipenda maua.

Mkumbuke mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa ya mafumbo na majibizano ya mji, Mazrui watawala wa Mombasa huku na Sultani Sayyid Said kule. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake yangeweza kupotea yote. Alikuwapo Mwalimu Sikujua, aliyeyakumbuka pamoja na visa vyake, akamweleza Mwingereza W. E. Taylor naye akayaandika, maneno na maelezo. Tunaposoma leo na kuelewa nani alikuwa anamjibu nani, tunakula jasho la Sikujua. Wewe una bahati ambayo Muyaka hakuwa nayo, kwa kuwa bado waweza kuwa Sikujua wako mwenyewe.

Basi kwa kila wimbo andika kisa chake: nani aliuomba, uliimbwa wapi mara ya kwanza, ua ni nani, nyuki ni nani. Zile zisizodhuru mtu, kisa kikae ukurasa mmoja na wimbo. Zile zenye wenyewe walio hai, kisa chake kikae bahasha ya peke yake, uifunge, uandike juu yake lini ifunguliwe, labda baada ya miaka 40, labda wahusika wote wakishatangulia. Huo wa mkwe usiutie kitabuni kabisa wakati huu. Na kama moyo wako unakuruhusu, siku moja mwende mkae naye, muuzungumze. Miaka karibu 30 imepita. Huenda naye ana la kusema kuhusu mwaka ule, na hilo nalo lingestahili kuandikwa. Sitakushurutisha. Wewe ndiye utakayekula naye pilau Sikukuu.

Kuhusu kitabu nitasema kwa ukali kidogo. Karatasi ile usiisaini. Anayelipwa kuchapa ni mchapaji, kazi yake inaisha anapokukabidhi nakala na kupokea hela. Gharama yote umeibeba wewe, halafu haki zote ziende kwake, kwa lipi alilolitoa? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika nyuma ya kadi, hata kabla ya kusajiliwa popote, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kusajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi, na nakushauri ufanye hivyo, hasa kwa zile nyimbo ambazo mji unaamini ni za mwimbaji. Fanya hesabu na mwanao. Mungu akikupa umri wa miaka 85, mjukuu wako huyo atakuwa na 36. Ongeza 50, atakuwa bibi wa miaka 86 ndipo haki ile iishe. Hiyo nayo ni mali ya kurithiwa. Sisemi italeta kodi kama vyumba vya Kange, mashairi hayajamtajirisha mtu ninayemjua. Nasema tu usimpe mtu baki mali ya mjukuu kwa saini moja.

Na nakala 500 za nini? Milioni 4 na laki 2 ni shilingi 8,400 kwa kila kitabu, na vitabu 450 kati ya hivyo nakuhakikishia vitalala ndani, chini ya kitanda kilekile, vikishindania nafasi na lile sanduku. Chagua mashairi 60 uliyo na hakika nayo. Uliza bei ya nakala 40 kwenye maduka mawili tofauti ya kuchapa. Nakala hizo zipe kazi: za watoto na wajukuu, moja maktaba ya mkoa, moja makumbusho ya Urithi Tanga pale Boma ya zamani, moja Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaoshughulika na Kiswahili na wanaojua kutunza kazi za namna hii. Nakala za picha za madaftari yako nazo ziende hukohuko. Mjukuu azipige kwa simu mchana karibu na dirisha, bila taa ya kamera, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa uwe na namba. Vile vipande vya maboksi ya glavu navyo vipigwe, na visitupwe. Watu watataka kuona mkono wa mkunga saa tisa usiku.

Kabla hujachapa hata hizo 40, angalia jambo moja. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ushairi umo. Zilianza kutolewa mwaka 2023. Soma masharti ya mwaka husika kwanza, maana mashindano ya miswada kwa kawaida hutaka kazi ambayo bado haijachapishwa. Kama una nguvu ya kusubiri, subiri.

Sasa mjukuu, ambaye naona ndiye moyo wa barua yako. Usimwandikie "vizazi vijavyo", hujui sura yao na hutajua uwaambie nini. Mwandikie yeye. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, akiugua, alimwita binti yake mmoja akae karibu, alete wino na karatasi. Kwa kuwa alisema na mtu mmoja aliyempenda, wanawake wa pwani wameendelea kuuimba na kuunakili kana kwamba kila mmoja wao ndiye yule binti. Na hapahapa Tanga tuna mfano wetu: barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 leo ni kitabu, kwa sababu nduguye hakuzitupa.

Mjukuu akikuuliza neno, mjibu, kisha mwambie aliandike pembeni kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe. Mfundishe kuhesabu mizani. Mpe nusu ubeti aumalize, na ukiharibika usiumalizie wewe, mwache alale nao. Ikimpendeza ataendelea, isipompendeza atakuwa walau anajua kuusoma mwandiko wako, na hilo ni zaidi ya wanachokijua watoto wako wote watatu.

Ukiamua yeye awe mtunzaji wa madaftari, liandike sasa ukiwa na afya. Kwa kuwa wewe ni Mwislamu, ulizia kwa kadhi au sheikh unayemwamini tofauti ya hiba unayotoa ukiwa hai na wasia, ambao una mipaka yake. Wasia wa maandishi, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuuandika na kuutunza. Lisije likabaki neno la mdomo la kitandani, watoto wakaligombania, maana tayari hawapigiani simu.

Kaka yako sitamjibu, kwa kuwa mimi si mwanachuoni. Ila kabla hamjalizungumza tena, mwimbie ule wa maji ya chumvi na sukari, umwambie na yule binti wa Pongwe. Kisha mwulize kama elimu yenye kunufaisha, ile inayobaki mtu anapokufa, ina sharti la kutokuwa na vina. Nyimbo za ugomvi wa mtaa ni mazungumzo mengine, na hapo huenda ana hoja.

Na fedha. Mwanao ameona mbele, kodi ya kila mwezi kwa mama mjane ni jambo la maana na sitaki uishi kwa kumtegemea yeye. Jengeni. Lakini vyumba viwili badala ya vitatu, na msingi wa cha tatu uwekwe ili kije baadaye. Mashine ya kaseti, diski, picha za madaftari na nakala 40 zitoke kwenye hicho cha tatu, na kitakachobaki kirudi kwenye saruji. Mwambie hivyo mbele ya dada yake, siku ambayo wote wawili wako kwako, na lile sanduku liwe limefunguliwa katikati ya sebule.

Lakini hilo ni la wiki ijayo. Usiku huu, kabla hujalala, toa zile kaseti 25 nzima. Mgongoni mwa kila moja, upande usio na utepe, kuna vidude viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje vyote kwa ncha ya kisu, ili mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya mashine isiweze kurekodi juu yake. Mjukuu akushikie tochi.